KUULIZA NA KUJIBU: SOMO LA PROGRAMU HURIA

Mhariri wa gazeti letu amenitaka niandike somo moja kwa ajili ya muhula huu. Nami nimeona heri niandike juu ya jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, tena nikalikosea kwanza kabla sijalijua. Jambo lenyewe ni hili: watu wengi wanapotumia chombo kimoja, na chombo hicho hakina mwenye duka aliyekiuza, ni nani wa kuulizwa kinapokwama? Na huyo anayeulizwa ajibu namna gani, hata jibu lake liwafae wengi, wala yeye asichoke akaikimbia kazi?

Najua wako wasomaji watakaosema, "Hayo ni mambo ya mafundi wa kompyuta, sisi yatatufaa nini?" Nawaomba wanifuate mpaka mwisho. Wazazi wetu wa delta wataona kwamba jambo hili walilijua zamani sana, kabla ya kompyuta kufika Kibiti.

Programu huria ni nini?

Kila programu ya kompyuta huandikwa na watu, kwa maandishi maalumu ambayo fundi aweza kuyasoma. Programu nyingi za kuuzwa huficha maandishi hayo. Mnunuzi hupewa kitu cha kutumia tu, wala hajui ndani yake mna nini. Programu huria ni kinyume cha hiyo. Maandishi yake yako wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds katika nchi ya Finland mwaka 1991, ni mfano mashuhuri. Nchini kwetu, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotiwa katika Kiswahili.

Programu nitakayoieleza leo huitwa DHIS2. Kazi yake ni kukusanya na kupanga taarifa za afya. Asili yake ni Afrika Kusini, baada ya ubaguzi wa rangi kuondolewa mwaka 1994, wakati nchi ile ilipotaka kujua kwa haki hali ya afya ya watu wake wote. Wataalamu wa huko walishirikiana na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na mpaka leo Oslo ndiko kwenye kitovu cha kazi hiyo. Toleo la pili, ambalo ndilo hili, lilitumika kwanza katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kenya iliitandaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara mwaka 2013. Leo hutumiwa katika nchi zaidi ya 70.

Msomaji aliyepata kwenda zahanati amekwisha kuona mwanzo wa safari ya tarakimu hizo. Mwuguzi anapokuandika katika kitabu kikubwa, jina, umri na ugonjwa, kitabu kile ni kimoja cha vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi mwuguzi hujumlisha: wangapi walikuwa na malaria, wajawazito wangapi walihudhuria, watoto wangapi walichanjwa. Jumla hizo ndizo ziingiazo katika DHIS2. Mahali pengine kituo hujaza chenyewe, pengine karatasi hupelekwa wilayani zikajazwe huko.

Kwa nini tarakimu hizo ni jambo kubwa? Kwetu Rufiji jibu tunalo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati Kibiti ilipokuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji, Wizara ya Afya na shirika la IDRC la Canada walifanya mradi katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Watumishi wa wilaya walipewa hesabu za kweli za maradhi yaliyokuwa yakiwaua watu wao. Walipozitazama waliona kwamba malaria na maradhi ya watoto yalipewa fedha chache kuliko mzigo wake, wakaipanga upya bajeti. Katika muda wa miaka mitano hivi, vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vilipungua katika wilaya hizo kwa zaidi ya asilimia 40. Hesabu peke yake haimponyi mtu, lakini bila ya hesabu fedha hupelekwa gizani.

Programu haina bei, jibu lina bei

Sasa tufike penye mzizi wa somo. Watu husikia neno "huria" wakadhani kila kitu ni bure. Ni kweli kwamba programu yenyewe hainunuliwi. Lakini mtu anapokwama akauliza, anayemjibu hutoa muda wake, na muda wa mtu ni mali. Ukinunua jokofu dukani likaharibika, unamrudia mwenye duka na risiti yako. Katika programu huria hapana risiti. Wako waandishi wa programu, ambao ni wachache. Wako wasaidizi, wengine wana mshahara na wengine wanajitolea. Na wako watumiaji, ambao ni maelfu kwa maelfu. Maelfu hao wote wakimwuliza mtu mmoja, kila mmoja kwa wakati wake na kwa faragha, mtu huyo ataanguka.

Nami nilikuwa mtu huyo.

Kabla sijawa mwalimu wa hisabati, nilifanya kazi miaka miwili katika ofisi moja ya takwimu za afya upande huu wa Pwani. Nilikuwa kijana, naijua kompyuta, na kwa hiyo kila aliyekwama alipewa namba yangu ya simu. Mwanzoni nilifurahi moyoni kuitwa fundi. Simu ikilia, najibu. Ikilia tena, najibu. Baada ya miezi michache nikatambua kwamba siku nzima nasema maneno yale yale. Maswali yalikuwa manne tu, ingawa waulizaji walikuwa wengi.

La kwanza: "Nimejaza taarifa yote, mbona wanasema sijaileta?" Jibu lake ni kwamba kujaza ni jambo moja, na kutangaza kwamba umemaliza ni jambo jingine. Katika fomu mna kitufe cha kukamilisha. Usipokibonyeza, tarakimu zako zimo, lakini kituo chako hakihesabiwi miongoni mwa vilivyoleta taarifa.

La pili: "Nimejaza leo asubuhi, mbona mchoro hauonyeshi kitu?" Jibu lake ni kwamba michoro haisomi fomu yenyewe. Husoma majedwali ya muhtasari, nayo hutengenezwa upya kwa wakati uliopangwa, mara nyingi usiku. Ngoja mpaka kesho.

La tatu: "Mtandao umekatika katikati ya kazi. Je, nianze upya?" La, usianze upya. Tarakimu hutunzwa ndani ya kompyuta yako, na mtandao ukirudi hupelekwa. Ila usifute kumbukumbu za kivinjari kabla hazijapelekwa, maana zikifutwa hazirudi.

La nne ndilo lililonifundisha adabu, nami nitalieleza kwa kirefu.

Sifuri iliyopotea

Siku moja alasiri alinipigia mama mmoja mwuguzi wa zahanati ya delta. Huko mtandao haupatikani kila mahali, na mama huyo alikuwa amekwenda mpaka gatini, akasimama juani, ndipo akanipata. Alisema, "Mwanangu, naandika sifuri, nikifungua tena fomu sifuri haipo. Je, nafanya makosa?"

Siku ile nilikuwa nimekwisha kujibu simu nyingi. Badala ya kumjibu nilisema, "Mama, mambo hayo mlifundishwa warshani. Soma makaratasi yako." Akasema, "Haya, mwanangu, ahsante," akakata. Nikaona nimeokoa dakika tano.

Miezi mitatu ikapita. Tukawa tunakagua taarifa za robo mwaka, tukaona ajabu. Zahanati ile imeandika mgonjwa mmoja wa surua mwezi wa kwanza, mmoja wa pili na mmoja wa tatu, na zahanati jirani nayo vivyo hivyo. Surua ni ugonjwa wa kuambukiza upesi, na mfululizo wa namna ile waweza kuwa dalili ya mlipuko. Hatukuwa na budi kwenda. Tukaondoka Kibiti alfajiri, mganga mmoja, mwuguzi wa chanjo pamoja na sanduku lake la baridi, na mimi. Tulipofika Nyamisati tukapanda boti. Maji yalikuwa yanakupwa, na katika kijito kimoja tukapanda fungu la mchanga, tukakaa pale kati ya mikoko saa nyingi, tukingojea maji kujaa.

Tulifika jioni. Mama akatupokea vizuri, akatuwekea kitabu cha wagonjwa wa nje mezani. Tukafungua ukurasa baada ya ukurasa. Surua haikuwamo hata moja.

Mganga akauliza, "Mama, na huyu mmoja wa kila mwezi ni nani?" Naye akajibu bila ya kuficha, "Si mtu. Mashine haikubali sifuri. Nikiacha wazi naambiwa fomu haijajaa. Mwenzangu wa kijiji cha pili alinishauri niweke moja, maana moja inakaa." Kisha akanitazama mimi, akasema kwa upole, "Mwanangu, nilikuuliza."

Sikuwa na la kujibu. Na haikuishia hapo. Siku ile mwuguzi wetu wa chanjo alikuwa ametazamiwa katika kijiji kingine upande wa barabarani. Akina mama walikaa na watoto wao mgongoni tangu asubuhi, na mchana wakarudi makwao bila ya chanjo. Dakika tano nilizoziokoa mimi walizilipa wao kwa siku nzima.

Nimelifikiri jambo hili mara nyingi, na hili ndilo neno ninalotaka mwanafunzi alikumbuke kuliko mengine yote ya somo hili: swali lililonyimwa jibu halifi. Hutoka likatafuta jibu jingine njiani, na jibu la njiani laweza kuwa la uongo, tena husambaa upesi kuliko la kweli.

Vijiti vya mto

Tulipokuwa tukirudi asubuhi yake, niliona vijiti vya mikoko vimesimikwa hapa na pale katika kijito, vingine vimefungwa kitambaa. Nikamwuliza nahodha, "Mzee, vijiti hivi nani anaviweka? Serikali?" Akacheka. "Serikali itajua wapi fungu limehamia jana? Anayekwama ndiye anayechomeka. Akija mwingine aone."

Basi nikaelewa. Nahodha yule hakuwa na kazi ya kumsindikiza kila mgeni katika kila kijito. Aliyekwama mara moja aliacha alama, na alama ile ikawasaidia watu asiowajua, hata usiku yeye akiwa amelala. Mimi miaka miwili nilikuwa nikiwasindikiza watu mmoja mmoja, wala sikuchomeka kijiti hata kimoja.

Niliporudi ofisini nilinunua daftari. Nikachora safu nne: tarehe, swali kwa maneno ya mwulizaji mwenyewe, jibu, na mara ngapi swali hilo limekwisha kuulizwa. Kwa maswali yaliyorudi mara nyingi niliandika maelezo ya ukurasa mmoja mmoja kwa Kiswahili chepesi, nikampa mlinzi wetu ayasome, yeye ambaye hakupata kutumia programu ile. Alipokwama mahali, nilijua kosa ni la maandishi yangu, nikaandika upya. Kisha kurasa zile zikatumwa kwa vituo vyote na kubandikwa ukutani. Simu zilipungua. Na zile zilizobaki zilikuwa maswali ya kweli, yaliyostahili kupewa muda.

Ngazi ya maswali

Lakini swali la sifuri sikuweza kulimaliza peke yangu, kwa sababu sikujua kwa nini sifuri hupotea. Hapo nilijifunza kwamba kazi kubwa kama hii ina ngazi, kama vile ugonjwa unavyoanza zahanati, ukapelekwa kituo cha afya, kisha hospitali.

Ngazi ya kwanza ni mwenzako wa karibu, na karatasi iliyo ukutani. Ya pili ni wilaya. Ya tatu ni mkoa na taifa, yaani wizara na wataalamu wanaoisaidia, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ya nne ni jumuiya ya dunia, ambako watumiaji wa nchi nyingi huulizana na kujibizana hadharani, na Oslo, ambako waandishi huweka daftari la wazi la kasoro, kila kasoro na namba yake, na yeyote aweza kuona imefikia wapi.

Ngazi ina manufaa mawili. Kwanza, swali jepesi hujibiwa karibu, wala halimfikii mwandishi wa programu akaacha kazi yake. Pili, swali gumu haliozi chini. Lina njia ya kupanda. Ngazi iliyokatika mahali pamoja haifai. Mama wa delta alikuwa ameuliza mahali panapostahili, na mimi ndiye niliyekuwa ngazi iliyokatika.

Jibu la sifuri liliponirudia lilikuwa hivi. Programu kwa kawaida haihifadhi sifuri, kwa kuwa fomu za nchi nzima zina masanduku mengi sana yenye sifuri, na kuyahifadhi yote hujaza seva bure. Lakini wasimamizi waweza kuamuru sifuri ihifadhiwe kwa kipengele fulani, pale ambapo ni muhimu kutofautisha "hakuna mgonjwa" na "hatukuhesabu". Uamuzi huo hufanywa na taifa, maana fomu zote sharti zilingane. Kwa hiyo mama hakukosea, wala mashine haikuharibika. Palikuwa na sababu, ila hakuna aliyeieleza kwa Kiswahili karibu naye. Nikaandika ukurasa wa tano: "Sifuri yako ikitoweka usiogope. Acha sanduku wazi. Usiweke moja."

Angalia pia jambo hili. Swali moja linaporudiwa na watu wengi, mara nyingi kosa haliko kwa waulizaji. Mlango ambao kila mgeni hujigonga kichwa, fupi si mgeni bali mlango. Ndiyo sababu waandishi wazuri wa programu huria hawayachukii maswali. Huyahesabu, kisha hutengeneza mlango.

Namna ya kuuliza

Mwulizaji naye ana wajibu wake. Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Eric Raymond na Rick Moen, waliandika mwongozo juu ya namna ya kuwauliza mafundi wa programu huria. Umesomwa na wengi, na una mafunzo mema, ingawa una ukali kwa mwulizaji mvivu. Mimi, baada ya safari ile ya delta, napenda mafunzo yake kuliko ukali wake. Nayaweka hapa kwa namna yetu:

1. Tafuta kwanza. Soma karatasi ya ukutani, umwulize mwenzako. Ukiuliza baadaye, sema ulikotafuta, ili anayejibu asikurudishe huko.

2. Sema ulitaka kufanya nini, ulifanya nini, na nini kilitokea. "Mashine imekataa" si swali. "Niliandika 0 katika safu ya surua, nikafunga fomu, nikaifungua tena, sanduku likawa tupu" ni swali kamili. Mama yule aliuliza vizuri kuliko wengi wenye vyeti.

3. Nukuu maneno ya kosa kama yalivyoandikwa kwenye kioo, hata kama huyafahamu. Fundi atayafahamu.

4. Uliza hadharani ikiwezekana, si sikioni, ili jibu liwafae na wengine.

5. Usitoe siri ya mgonjwa. Picha ya fomu ni sawa; picha ya kitabu chenye jina la mtu na ugonjwa wake ni haramu kuipeleka barazani. Sharti hili halina ruhusa.

6. Ukipata jibu, rudi useme kama limefaa. Hiyo ndiyo malipo. Katika kazi isiyo na risiti, mwulizaji hulipa kwa kuacha kijiti.

Namna ya kujibu

1. Mjibu mtu, halafu ulijibu swali. "Umefanya vizuri kuuliza" ni maneno matatu tu, lakini ndiyo yatakayomfanya aulize tena kesho kabla hajaweka moja mahali pa sifuri.

2. Ukichoka, sema umechoka. Laiti ningesema, "Mama, niwie radhi, nitakupigia saa kumi na mbili," nisingesema uongo wala nisingemfukuza.

3. Usilolijua, lipandishe ngazi. Kusema "sijui, nitauliza" si aibu kwa fundi. Aibu ni kubuni.

4. Ukijibu jambo mara ya tatu, liandike. Mara ya kwanza ni msaada, ya pili ni bahati; ya tatu ni dalili kwamba kijiti kinatakiwa.

5. Jibu kwa lugha ya mwulizaji. Maelezo mengi ya programu hizi huandikwa kwa Kiingereza. Anayeyaleta katika Kiswahili kilicho wazi ameandika sehemu ya programu, hata kama hakugusa msimbo hata mstari mmoja. Wanafunzi wanaosema "mimi siwezi kompyuta" na walijue hili: kazi ya kueleza inahitaji mtu ajuaye lugha na mwenye subira, nayo daima ina nafasi.

6. Fundisha mrithi. Maarifa yaliyo katika kichwa cha mtu mmoja huondoka naye akihamishwa. Daftari langu nililiacha ofisini.

Mwisho

Wasomaji wapenzi, huenda wengi wenu hamtaiona DHIS2 mpaka mmalize shule. Lakini darasani kila siku mna waulizaji na wajibuji. Mwanafunzi anapouliza jambo la hisabati wenzake wakacheka, hatauliza tena. Atakwenda kulipata jibu mahali pengine, na siku ya mtihani mwalimu atashangaa kuona darasa zima limeandika kosa moja. Nimeliona hilo hapa shuleni, nami nikakumbuka surua isiyokuwako.

Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba kujibu vizuri si upole tu. Ni sehemu ya kazi yenyewe. Programu ni maandishi pamoja na watu waitumiao. Maandishi yakiwa mazuri na watu wakiogopa kuuliza, tarakimu zitakuwa za uongo, na boti itakwenda mahali pasipo mgonjwa.

Mama yule tulionana tena baada ya mwaka, gatini Nyamisati. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," kisha akafungua mkoba wake akanionyesha karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake. Alikuwa ameongeza swali la sita na jibu lake, jambo ambalo mimi sikulijua: namna ya kupanga kazi ya kujaza kwa kufuata saa za maji, ili kufika penye mtandao na kurudi kabla hayajakupwa. Tayari alikuwa amewapa wenzake wa vijiji vitatu. Nami nikaiomba nikainakili.

Mazoezi

1. Eleza tofauti ya "programu isiyo na bei" na "msaada usio na bei". Toa mfano mmoja wa nyumbani kwenu.

2. Zahanati imeandika 0, nyingine imeacha wazi. Kwa mtu anayepanga chanjo, tofauti yake ni nini?

3. Rafiki yako anasema, "Simu yangu imeharibika, nisaidie." Mwandikie maswali matatu ya kumsaidia aulize vizuri.

4. Kwa muda wa juma moja, andika katika daftari kila swali linaloulizwa darasani kwenu katika somo moja. Lipi limerudiwa zaidi? Liandikie jibu la ukurasa mmoja, umpe mwanafunzi wa kidato cha chini alisome. Mahali atakapokwama, sahihisha maandishi yako, usimsahihishe yeye.